Fundi wa Madirisha na Mteja Aliyelalamika

Juma lililopita, katika duka la madirisha pale Ukunda, nilimkuta mwalimu mstaafu, mama wa Msambweni. Madirisha yake ya chuma yalikuwa yameliwa na chumvi ya bahari, na mvua ilikuwa ikimlowesha mamake kitandani. Alitaka ya uPVC, plastiki ngumu isiyoshika kutu.

Mafundi wawili walikuwa wakiigombania kazi hiyo.

"Nitajieni mteja aliyewahi kuwalalamikia," akawaambia.

Wa kwanza akacheka. "Mimi sijalalamikiwa hata siku moja, mwalimu."

Wa pili akajikuna kisogo. "Yupo bibi mmoja wa Mkwiro. Dirisha nililomwekea lilivuja."

"Mpigie."

Akapiga, simu ikawekwa sauti ya juu. "Shikamoo, bibi. Kuna mteja hapa anauliza habari za lile dirisha."

"Marahaba. Lilivuja kweli!" bibi akajibu. "Lakini alirudi mvua ikinyesha, akakaa chumbani mwangu mpaka akaona maji yanapopenyea. Sasa halivuji. Na wewe mwanangu, mbona huji kula? Siku nyingi hatujakuona."

Mwalimu akamkabidhi fundi huyo vipimo vyake papo hapo.

Nimeshasikia mafundi wengi wakisifiwa. Huyu ndiye wa kwanza niliyemsikia akialikwa chakula na mteja aliyemlalamikia.