Senti Kumi ya Matundu Mawili

Shaba ikifumbatwa kwenye kiganja chenye jasho huacha harufu isiyotoka upesi kwa sabuni, na enzi hizo sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta. Harufu hiyo ndiyo inayonirudisha Nguvumali, mtaa wetu wa Tanga, ya utoto wangu. Foleni za sukari zilikuwa zimeanza kwisha. Maduka ya Ngamiani yalikuwa yanajaa vitenge, redio na biskuti za kutoka Mombasa, na watu walipita mbele yake wakiangalia tu, maana mifukoni hamkuwa na kitu. Baba alikuwa mmoja wa waliopunguzwa kiwandani. Mwanzoni alitoka kila asubuhi kutafuta kibarua, kisha akawa anatoka siku mojamoja, kisha akaacha kabisa. Akawa anashinda mkekani barazani, uso kaugeuzia ukutani, ndevu zimemjaa, nasi tukajifunza kumpita kimyakimya. Mama alikaanga vitumbua, ndivyo vilivyotulisha. "Baba yenu kachoka tu," alikuwa akituambia. Na yeye je, aliyekuwa akiamka kabla ya adhana? Hilo hakuna aliyeuliza.

Ndipo zikaja habari kwamba kuna mnunuzi wa pesa za kale kafikia kwenye nyumba ya wageni mjini, na atakaa miezi miwili mitatu. Hakutaka sarafu yoyote tu. Alitaka zile zilizokosewa kulekule zilikopigwa chapa: maandishi yamejirudia, picha imekwenda upande, tundu limekaa pasipo pake. Iliyoharibikia mikononi mwa watu, kwa nyundo au moto au michezo ya watoto, hiyo hakuitaka hata bure. Baba alizisikia kwa jirani, akainuka, akafungua sanduku la mama, akatoa kwenye kitambaa senti kumi ya mkoloni, ile ya shaba yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu. Hii ilikuwa na tundu jingine, dogo, pembeni. Mama alikuwa anapepeta mchele. Alituangalia, akaendelea kupepeta.

"Zuhura," baba aliniita, "wewe una macho. Njoo unitazamie."

Kutazama sarafu ile kukawa ndiyo shughuli yetu. Baba aliazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa, tukakaa mlangoni penye mwanga, yeye akiuliza, mimi nikijibu. Tundu la katikati lilikuwa na ukingo ulioinuka vizuri, na maandishi yamelizunguka bila kuguswa. Maana yake lilikuwapo kabla chapa haijapigwa. Tundu la pili lilikuwa limekula ncha ya pembe moja. Nilipomwambia, akasema mashine ilishuka mara mbili. Nikamwambia kwa nyuma shaba imesukumwa, imetokeza kama mdomo. Akapapasa kwa kidole. "Mbona laini? Ungekuwa msumari ungeacha makali." Na kweli, ilikuwa laini. Kila nililoliona alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilimpa nguvu. Alianza kunyoa. Alianza kula nasi. Akasema akiiuza atanunua baiskeli, awe anafuata nazi Pangani na kuja kuuza Tanga, akawa anamtania mama kwamba atampakia kwenye keria na mwavuli wake watu wafe kwa kijicho. Mama alicheka. Wallahi nilikuwa nimesahau kicheko chake kikoje.

Siku ya kwenda alivaa shati lake la Idi, tukaenda kwa miguu mimi na yeye, naye akisalimia kila mtu njiani. Mnunuzi alikuwa kijana mpole. Alimwamkia baba shikamoo, akamkaribisha kiti, akaichukua sarafu. Hakukawia nayo. Aliigeuza, akapitisha ukucha kwenye ule mdomo wa nyuma, akamwonyesha baba ncha ya pembe iliyokatwa.

"Mzee wangu, hii pembe ilikuwa nzima. Tundu limeikuta hapa, limeipasua. Huu ni msumari. Na huu ulaini ni wa kuvaliwa, mtu kaivaa miaka." Aliisema kwa upole, na nilimchukia vilevile. Baba alishukuru, akaipokea sarafu yake. Njia nzima ya kurudi watu walimsalimia wao, na yeye hakuitika.

Mama alikuwa uani anakuna nazi. Baba alimsimamia, akamwonyesha sarafu kiganjani, akauliza kama anajua nani kaitoboa.

"Mimi," mama alisema. "Zuhura alishikwa na degedege, nawe uko Pemba kwenye karafuu. Niliishona kwenye hirizi yake. Kwa tundu moja ilikuwa inageuka, inamchoma kifuani, nikaitoboa tena ili ilale kama kifungo. Kaivaa mpaka kawa mtu wa kukimbia."

"Ulijua siku zote hizi! Na hukusema."

"Ningesema nini, Baba Zuhura? Ulikuwa umeanza kunyoa."

Baba alilivua lile shati, akalikunja taratibu, akampa mama, akaenda kulala na jua bado liko juu. Kazi aliipata baadaye sana, ya ulinzi, na baiskeli hakuitaja tena.

Siku hizi mambo haya yako kwenye simu. Watu wanatumiana picha za shilingi zenye kasoro, eti zinauzwa mamilioni, na mume wangu, ambaye kazi yake bandarini imekwisha, alikuja jikoni na shilingi yake akaniomba niitazame. Miguu ilikuwa inaniuma na vyombo vimejaa. Niliona palepale kwamba mkwaruzo umepita juu ya picha na ukingo umepondwa na kitu, nikamwambia palepale. Nilijiona nafanya vizuri kuliko mama. Yeye alimpa baba msimu mzima wa kuamka, mimi sikumpa wangu hata nafasi ya kukaa kitini. Akasema, "Haya, ahsante," akatoka. Tangu siku ile haniombi tena nimtazamie kitu chochote.