Shampeni ya Mabibo

Hapa Kilangala msimu wa korosho ukifika, watu wengi huokota korosho na kuyaacha mabibo, yaani tunda lenyewe lenye maji, yaoze chini ya mikorosho. Monika Mchopa huokota vyote viwili. Korosho huzipeleka ghalani kama sisi wengine. Mabibo huyakamua, maji yake huyachuja kwa kitambaa na kuyaacha kwenye ndoo mpaka kesho yake, na kesho yake watu huja na vikombe vyao. Huo ndio uraka. Mimi ni jirani yake na sinywi, kwa hiyo sifa za uraka wake nazijua kwa kusikia, na kwa kuwaona wanywaji wakirudi nyumbani kwa kupitia shambani kwangu, ingawa njia yao ni nyingine.

Monika ni mrefu na hacheki haraka. Mumewe alifariki wakati Grace, mtoto wao wa pekee, akiwa bado anatambaa. Monika alimlea kwa jembe na kwa ndoo. Fundi baiskeli mmoja wa Rutamba aliwahi kumposa, akamwambia asiwe na haraka, afikiri kwanza. Monika alifikiri mpaka yule fundi akaoa kwingine.

Uraka haufungwi. Kila mtu wa huku anajua hivyo. Dumu lake huzibwa kwa gunzi la hindi, tena kwa kulegeza, ili upumue. Monika amewagombeza watu wazima kwa kukaza gunzi. Ndiyo maana yaliyotokea kabla ya harusi ya Grace yalitushangaza.

Grace aliposwa na Benedicto, kijana wa Mtama, mpole, fundi wa kuezeka. Wajumbe walikuja siku ambayo Nikodemu, kaka mkubwa wa Monika, alikuwa Lindi mjini anang'oa jino. Monika aliwapokea mwenyewe pamoja na shemeji yake, wakakubaliana, wakala, wajumbe wakaondoka. Nikodemu alirudi shavu limevimba, akakuta mambo yamekwisha.

Kwa ndugu zetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto. Siku ya harusi, watu wakitoka kanisani, yeye husimama uani, husema maneno yake, humshika binti mkono na kumkabidhi upande wa mume. Kabla hajasema, bibi harusi haondoki na chakula hakipakuliwi.

Nikodemu hakusema kwamba amekasirika. Alisema anataka shampeni.

Alimfuata dada yake shambani, akiwa anakamua mabibo, nami nikiwa pale kuomba pumba za kuku. Nikodemu aliwahi kufanya kazi ya kubeba sinia katika hoteli kubwa ya Dar es Salaam, akarudi na koti jeusi na mazungumzo mengi.

"Mimi sisimami mbele ya ndoo," alisema.

"Ndoo imekukosea nini, kaka? Umekua nayo."

"Harusi za watu hufunguliwa kwa chupa. Inalia, povu linatoka, ndipo mkubwa anasema neno."

"Na hiyo chupa iko wapi?"

"Ufaransa."

"Basi tumtume nani?"

Nikodemu alikaa juu ya gogo akasimulia, kama alivyosikia wageni wakisimuliwa pale hotelini. Zamani huko Ufaransa palikuwa na mtawa, jina lake Perinyoni, mtunza mvinyo wa monasteri. Alikuwa kipofu, lakini akionja zabibu moja anakwambia imetoka shamba gani. Siku moja alionja mvinyo uliokuwa umefungwa kwenye chupa, ukamchoma ulimi kwa povu, akawaita watawa wenzake: njooni haraka, ninakunywa nyota. Tangu hapo wafalme hawanywi kitu kingine, na shampeni ya thamani kuliko zote imepewa jina lake.

"Povu liliingiaje?" Monika aliuliza.

"Kule kuna baridi. Mvinyo ulikuwa haujamaliza kuchacha, baridi ikaulaza. Wao wakadhani umeiva, wakafunga. Joto liliporudi ukaamka ukiwa ndani ya chupa."

"Chupa zikavumilia?"

"Nyingi zilipasuka. Nusu ya ghala, mwaka mwingine zaidi. Watu waliingia humo wamevaa vinyago vya chuma usoni. Wengine waliuita mvinyo wa shetani."

"Na bado wakaendelea kufunga."

"Ndiyo maana ni ghali," alisema Nikodemu, akainuka, akaenda zake.

Jumapili Monika alimuuliza padre baada ya misa, maana mtawa yule alikuwa Mbenediktini kama wamisionari wa huku kwetu. Padre alimwambia kwamba kwa alivyosoma yeye, Perinyoni hakuwa kipofu. Kuhusu zile nyota, maneno hayo yaliandikwa na wauza mvinyo, yeye akiwa amekufa zamani. Na povu lilikuwa aibu siku hizo, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kulizuia.

"Kwa hiyo kazi ilimshinda," Monika alinisimulia, "wakachukua jina lake wakaandika kwenye chupa."

Alilifikiria jambo hilo siku kadhaa. Kisha akaanza kukusanya chupa tupu za bia na kuzijaza uraka. Vizibo alivikata kwenye kandambili kuukuu, akavikaza na kuvifunga kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, kwa sababu Nikodemu alikuwa amesema za Ufaransa hufungwa kwa waya. Nilimwambia, "Mama Grace, huo uraka haujanyamaza." Akasema, "Najua, baba Nusaiba. Ukinyamaza hautalia." Alizipanga kwenye kibanda cha bati anamowekea majembe. Sisi huku hatuna baridi ya kuulaza uraka. Alidhani hiyo ni nafuu.

Ya kwanza ililia mchana, jua likiwa kali juu ya bati. Mke wangu Maimuna alidhani kuna mtu anakaanga korosho mbichi. Ilipolia ya pili na ya tatu, kuku wote wa Monika walihamia kwetu.

Alikuja kuazima kofia yangu ya pikipiki. Sikuuliza ya nini. Aliivaa, akashusha kioo, akajifunga kanga mbili kifuani, akaingia bandani na beseni la maji kuzipoza zilizobaki. Tulimsikia humo ndani akiziambia zitulie. Alitoka na kipande cha chupa kimenasa kwenye kanga ya juu. Siku zilizofuata aliingia tena na tena akiwa vilevile, na watu waliopita njiani walimsalimia kama kawaida, maana mtu akivaa kofia ya pikipiki bila pikipiki hujui uanzie wapi. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, ilipasuka ya mwisho.

Aliniomba nimpeleke kwa kaka yake. Alipanda pikipiki, kofia akaivaa yeye. Nikodemu alikuwa barazani anapiga pasi lile koti.

"Shikamoo, mzee Niko," nilisema.

"Marahaba. Huyo uliyempakia ni askari?"

Monika alivua kofia. "Kaka, za Ufaransa ulisema zilipasuka nusu."

"Nusu, au zaidi."

"Zangu zimepasuka zote. Kama ughali ni kupasuka, yangu imeipita ya wafalme. Mezani hakuna chupa. Ipo ndoo."

Nikodemu aligeuza koti, akapiga pasi mkono wa pili. "Na wale wajumbe," alisema bila kumtazama, "ukawapikia na kuku."

"Niliwapikia."

"Kurudi kutoka Lindi ni siku moja tu, Monika. Jino ningeling'oa na ningewahi."

"Niliogopa," Monika alisema. "Mimi ni mjane na mtoto wangu ni mmoja. Niliona nikiwaambia wangoje hawatarudi. Ilinipasa kukungoja, sikukungoja."

Nikodemu aliweka pasi pembeni. Alisema kesho ataangalia.

Jumamosi walitoka kanisani, wakaja mpaka uani kwa Monika na vigelegele. Benedicto alikuwa amevaa suti ya kijivu, Grace gauni jeupe. Nikodemu alikuwa amefika mapema na koti lake, ameketi kwenye kiti cha mbele, mikono magotini. Watu walikaa. Vigelegele viliisha. Nikodemu hakusimama. Wapishi waliotoka na sinia walitazama, wakarudi nazo jikoni. Grace alianza kulia polepole, akijifuta ili poda isiharibike.

Monika akaenda katikati ya uwanja. Sijawahi kumwona akisema mbele za watu.

"Wakwe zangu wa Mtama," alisema, "siku mliyokuja mlinikuta mimi, nikawafungulia kwa haraka yangu. Mwenye mtoto hakuwepo. Leo yupo, ndiye yule pale. Naomba mtoke, mje mpige hodi kwake."

Wale wazee walitazamana. Mmoja alisema, "Sasa hivi? Na bwana harusi?"

"Na bwana harusi."

Basi walitoka wote, wazee, akina mama wenye sare za kitenge, Benedicto na suti yake, mpiga picha nyuma yao, mpaka barabarani. Uani tulibaki sisi na bibi harusi. Kisha mzee wao akaita kwa sauti, "Hodi kwa mzee Nikodemu."

Nikodemu alisikia. Alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena. Wakaita mara ya pili. Huko barabarani jua lilikuwa la saa nane, na mzee mmoja alikuwa amejifunika kichwa kwa leso.

"Hodi," waliita tena.

"Nani?" Nikodemu aliuliza.

Wakajitaja, majina ya baba zao na ya wajomba zao, na walichofuata. Aliwauliza walikotoka, wakamwambia Mtama. Aliwauliza kama kuna mvua huko, wakamwambia bado. Ndipo akasimama.

"Karibuni," alisema.

Walipokwisha kukaa alimshika Grace mkono, akaanza maneno yake na babu yao, yeye na Monika, aliyefungua shamba lile, akaja kwa mama yao, akaja kwa Monika, akakaa hapo muda mrefu. Alizungumza mpaka wali ukapoa. Hakuna aliyemkatiza.