Faili Langu Kwenye Simu ya Baba

Nilipoandikishwa pale zahanati, Mbagala, sikuwa na simu. Baba alitoa namba yake, kama walivyofanya wazazi wote mtaani kwetu. Mie nikakua, nikapata laini yangu, nikaanza kuandika riwaya, bila kukumbuka kwamba pale dirisha la mapokezi bado mie ni mtoto.

Mwaka huu wakatangaza kwamba mgonjwa anaweza kusoma taarifa zake mtandaoni. Nilifurahi. Nilikuwa nimetoka kutibiwa tumbo lililonikosesha raha, na nilitamani kuona kwa macho yangu kilichoandikwa juu ya mwili wangu. Nikaingiza namba ya kadi. Namba ya siri ikatumwa pamoja na kiungo cha kufungulia faili, lakini si kwangu. Nilimsikia baba uani, kwenye vumbi la mpingo anaochonga.

"Zahanati? Matapeli hawa!"

"Si matapeli, braza," mmoja wa wachongaji wenzake akacheka. "Bonyeza hapo chini. Inafunguka yenyewe."

Nilikimbia uani bila kandambili. Ilikuwa imeshafunguka.

Pale zahanati, mwanamke akilalamika tumbo hupimwa ujauzito kwanza, ndipo apewe dawa. Ni utaratibu tu. Hata mtawa angepimwa. Jibu langu lilikuwa wazi: hakuna. Lakini baba hakufika kwenye jibu. Aliishia kwenye jina la kipimo, akaweka patasi chini.

"Baba, soma na hapo chini."

"Nimeshasoma."

"Imeandikwa hakuna."

"Hakuna safari hii. Asiye na ishu hapimwi."

Wenzake wakainama, kila mmoja akijitafutia kitu cha kupiga msasa.

Tangu hapo shikamoo yangu ikawa inapokewa kwa mguno. Nikitoka, anauliza narudi saa ngapi. Nikirudi, ananitazama tumboni kabla ya usoni. Nikaenda zahanati kubadilisha namba.

"Tunabadilisha," alisema dada wa mapokezi, "ila mwenye namba aje aridhie."

"Faili ni la kwangu."

"Najua, sista. Mfumo ndio unataka hivyo."

Nikamwomba baba. Sikuamini alipokubali. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa, tukatembea pamoja, na mie moyoni nilishaanza kumsamehe. Dada akamwamkia, akamuuliza kama anaridhia iwekwe namba yangu.

"Iacheni hiyo hiyo," alisema, bila kunitazama. "Mzazi ni mie."

"Haya, mzee wangu."

Kwa hiyo kila neno nitakalomwambia daktari wa pale, nitakuwa nimemwambia na baba, na uani kote.

Wiki hii tumbo limerudi. Nilivuka barabara hadi duka la dawa ambako hawaulizi jina, nikaeleza maumivu yangu nimesimama, kwa sauti ya chini, nyuma yangu kuna foleni. Muuzaji akanifungia vidonge kwenye kipande cha gazeti.

"Umeshawahi kupimwa popote?"

"Hapana," nikamjibu. "Sijawahi."