Kabiratere Ndani ya Unga wa Muhogo

Sisi tuliokulia Rwambuzi, mtaa wa Bunia, miaka ile bunduki zilipoanza kunyamaza, ila hakuna aliyeamini kwamba zimelala kweli, tunajua jambo moja ambalo vijana wa leo hawalijui: pikipiki haifichwi, kinachofichwa ni kabiratere. Pikipiki nzima utaificha wapi? Chini ya kitanda? Lakini ukikitoa kile kipande kinachochanganya esansi, yaani petroli, na hewa, mwizi mwenye bunduki atapiga kiki mpaka goti limuume, kisha atakwenda zake akitukana. Kwa hiyo kila habari mbaya ilipopita mtaani, baba zetu walifunga robine inayoteremsha esansi, wakafungua skrubu mbili, na kabiratere ikaingia mafichoni. Kwa jirani yetu ilikaa chini ya kuku anayeatamia. Kwetu ilikaa ndani ya chungu cha unga wa muhogo, imefungwa kwa sashe mbili za plastiki.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu na hakumwamini fundi yeyote wa Bunia. Vyombo vyake alivitengeneza mwenyewe, akavitunza katika mkebe wa maziwa ya unga. Turnevisi yake ya kufungulia skrubu ilikuwa ubavu wa mwavuli alioupondaponda ncha kwa jiwe. Kipimo cha floteri, kile kiboya kinachoelea ndani ya kabiratere, alikikata kutoka kopo la sardini na kukichora milimita kwa msumari. Karatasi ya mfuko wa sementi ilizuia esansi isivuje. Kwa kusafisha jikleri, yaani vile vitundu vinavyopitisha esansi, alikuwa na nyuzi za shaba alizozichomoa kwenye waya wa umeme, maana umeme wenyewe ulikuwa umetukimbia zamani.

"Shaba tu!" alikuwa akituambia. "Chuma inapanua tundu, na tundu ikipanuka, piki inakunywa esansi sawa mulevi."

Kila Jumamosi alitandika mkeka uani, akatuketisha mimi na mdogo wangu Dieudo tukiwa tumenawa mikono, akatuuliza maswali kama darasani. Aliyechanganya jikleri ndogo na jikleri kubwa aliosha sahani za siku nzima. Nakumbuka harufu ya esansi ikichanganyika na ya karanga za Mama zikikaangwa, na mpaka leo nikila karanga natafuta pikipiki iko wapi. Nikiwa na miaka kumi niliweza kuifungua kabiratere kabla Dieudo hajamaliza kuimba wimbo mmoja wa kanisani. Nilijivuna sana, na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Mama alikuwa mtu wa Gety. Tangu vita vilipofunga njia hakuwa amemwona mama yake, na kwa miaka hatukujua kama Bibi yu hai. Kisha habari ikapita kanisani: njia imefunguka, Bibi yupo, lakini hatembei tena na macho yanamwacha. Tangu siku ile Mama hakuongea mambo mengine. Alinunua chumvi, sabuni na kikwembe kipya, akamnenepesha jogoo mmoja. Wasafiri wa Gety wangeondoka pamoja Jumamosi asubuhi, kwa sababu wakati ule mtu hakwenda njia ile peke yake.

Siku ya Alhamisi kishindo kikubwa kikasikika upande wa soko. Watu wakakimbia, milango ikafungwa, hata mbuzi wakaingia nyumbani bila kualikwa. Baba alikuwa shuleni, ambako siku zote alikwenda kwa miguu ili kuokoa esansi. Nikajiona mwanamume wa nyumba, ingawa ni msichana: nikaruka kwenye pikipiki, nikafungua kabiratere na kuisukuma ndani ya unga. Sashe sikukumbuka, wala kumwaga esansi iliyobaki ndani. Baada ya saa moja tukaambiwa kwamba ni gurudumu la lori lililopasuka.

Niliitoa, nikaifuta kwa sketi yangu, nikairudisha mahali pake na kunyamaza. Jioni tukala bugali. Baba alitafuna, akamtazama Mama kwa upole, akasema, "Muhogo ya leo iko na nguvu." Nikaongeza mboga ili nimeze haraka.

Jumamosi Mama aliamka kabla ya jogoo, ambaye tayari alikuwa amefungwa miguu. Akavaa kikwembe kipya, akapanda nyuma ya pikipiki, kapu mapajani, jogoo kwapani. Baba akapiga kiki. Hakuna. Akapiga tena, mara ishirini, mpaka miwani ikamtoka. Pikipiki ilikohoa mara moja tu, kwa adabu.

"Shuka kidogo, Mama Furaha," Baba akamwambia. Furaha ndiye mimi.

"Mi sishuki. Miaka yote ile niko nangoja. Nikishuka, sitapanda tena. Tengenezeni nikiwa hapa juu."

Basi Baba akalala chini na kufungua kabiratere karibu na mguu wa Mama, jogoo akimdonoa kichwani. Alipoifungua alikuta uji mweupe. Akainua macho polepole.

"Nani alitia kabiratere mu bunga bila sashe?"

"Ni miye, Baba. Nilikuwa na mbio."

"Mbio ya nini? Ya pine ya lori?"

Hakunipiga, na ingekuwa nafuu angenipiga. Nilimtazama Mama kule juu, ameshika kapu kwa mikono miwili, nikaelewa kwamba mimi ndiye niliyemfungia njia ya kwao. Nililia huku nikiosha kabiratere kwa esansi. Nyuzi za shaba zilitoa unga mwingi, lakini jikleri ndogo ilikataa. Baba alipuliza kwa mdomo mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ilihitaji upepo wenye nguvu, na kompresa ilikuwa mjini kwa fundi, mlango umefungwa.

Ndipo nikakumbuka pware. Mliokulia kwetu mmeshajikunja. Ule mpira mwekundu wenye mdomo mrefu, ambao mama zetu walitupigia lavema, yaani kutusukumia dawa kwa nyuma, kila tumbo lilipouma, kila tulipokosa usingizi, na wakati mwingine kwa sababu tu likizo zimeanza. Mama aliutia tangawizi na pilipili. Nilikimbia ndani na kuuleta.

"Ile ni ya watoto!" Mama akapiga kelele.

"Iko na upepo, Mama!"

Baba alikuwa ameinua jikleri juu angani, akiichungulia kwa jicho moja kama nuru inapita. Sikungoja ruhusa. Nilitia mdomo wa pware upande wa pili, nikabana kwa nguvu zangu zote. Unga ukatoka. Nyuma yake yakafuata maji ya pilipili ya juzi, yaliyokuwa yamebaki ndani baada ya Dieudo kutibiwa, yakaingia moja kwa moja katika jicho la mwalimu wa hesabu.

Baba alizunguka ua mara tatu akitaja watakatifu kwa Kifaransa. Mama, kule juu, alianza kucheka. Alicheka mpaka jogoo akaponyoka, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tukimbie vita.

"Imefunguka?" akauliza.

"Imefunguka!" Baba akajibu, mkono jichoni. "Na jicho pia!"

Tulifunga kila kitu, na kwa kiki ya pili pikipiki ikawaka. Wenzao walikuwa wameshaondoka. Baba aliendesha kwa jicho moja, akawafikia kabla hawajaenda mbali.

Walirudi Jumanne. Mama alitusimulia kwamba Bibi hakumtambua kwa macho. Alimpapasa uso, akamnusa, akasema, "Huyu wa kunuka esansi ni mutoto ya nani?" Mama akataja jina lake, na Bibi akamshika, hakumwachia mpaka asubuhi. Miezi michache baadaye Bibi alifariki. Kama Mama asingefika Jumamosi ile, sijui ningeishije naye nyumba moja.

Pware ilinuka esansi, ikastaafu. Watoto wa jirani walinipongeza. Wiki iliyofuata Mama akarudi kutoka sokoni na nyingine, kubwa zaidi.

Leo naona vijana wetu wa taksi moto, wanaobeba abiria. Pikipiki ina redio, taa za rangi na jina la mchumba. Ikikohoa wanaipiga picha na kumtumia fundi. Mmoja nilimwomba anionyeshe jikleri, akadhani ni ofisi, akanionyesha kituo cha polisi. Mimi nina yangu inayowaka kwa kubonyeza kitufe, na duka la vipuri liko mtaa wa Shari, dakika chache tu.

Mama amezeeka. Kila Jumapili baada ya misa hunipigia simu kuuliza njia ya Gety ikoje, kwa sababu anataka kupalilia kaburi la mama yake. Ninawauliza watu wanaotoka huko, nao husema bunduki zimeamka tena, kisha ninamwambia, "Tungoje kidogo tena, Mama." Tangi limejaa esansi.