Jina Lililoitikwa Bomani

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa mchana mweupe, jua utosini, kwa hivyo usiniambie mimi Nyanya yako nilikuwa naota.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha. Mimi nilikuwa mshonaji kiwandani hapa Kitengela, mdomo kama pilipili, na chama chetu cha ujamaa kilikuwa bado kichanga. Ujamaa wa kura na kusikizana, si ule wa amri na bunduki. Tulikuwa na washonaji, tulikuwa na wavunja mawe wa Kiserian, lakini wafugaji wa Kajiado hatukuwa nao. Na bila wao, malisho ya jamii yangegawanywa na kuuzwa, maana kura ya wazee kuhusu ardhi hiyo ilikuwa inakaribia.

Aliyetufungulia milango huko alikuwa mwenzetu Mmaasai. Jina lake sikutajii, utaona kwa nini. Akifika kwa mtu alisalimia, akauliza ng'ombe, akauliza watoto, akanywa chai mpaka mimi nikaudhika. Siasa aliitaja akiwa anaondoka. Nilimchokoza, "Wewe unatafuta wanachama ama unatafuta mke?" Akacheka tu. Lakini watu walikuwa wanamfuata, pole pole. Halafu homa ikamchukua ghafla, tukamzika.

Sasa, kwao mtu akishazikwa jina lake halitajwi tena. Nilikuwa nimeambiwa. Nikasema huo ni ushirikina, chama kinataka shujaa. Asiyesikia la mkuu... malizia mwenyewe.

Tukaitisha mkutano nyumbani kwao, mbele ya mamake, ambaye sote tulimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. Watu walijaa. Nikapanda juu ya jiwe, nikaita jina lake: "Yuko wapi?" Nilingoja wajibu, "Yuko hapa!" kama tulivyozoea kiwandani. Kimya. Hata watoto hawakukohoa. Nikaita tena kwa nguvu. Wanaume wakaanza kuinuka, wakaondoka mmoja mmoja bila kuniangalia. Jogoo la mjini nimeenda kuwika shamba!

Kwa hasira nikaita mara nyingine. Sauti ikaitika.

Ilikuwa yake, ile ile ya upole, kutoka ndani ya boma la ng'ombe. Na ng'ombe walikuwa malishoni. Mbwa wake, aliyekuwa amelala karibu na jiwe langu, akainuka akitingisha mkia, akakimbia mpaka mlango wa boma, akasimama akiangalia juu, vile mbwa humwangalia mwenyewe. Haki ya Mungu, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilienda nikachungulia. Kulikuwa na samadi kavu na nzi.

Koko akaja nyuma yangu. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Wewe umemwita," akasema. "Yeye ameitika. Sasa nani atamrudisha? Mimi nilimlaza mara moja. Siwezi mara ya pili."

Nilirudi Kitengela jioni hiyo, mwanangu, nikiwa nimelibeba swali lake. Mpaka leo ninalo.

Hakuna mfugaji aliyekuja mkutano wetu tena. Kura ilipopigwa, malisho yakagawanywa, waya ukapita katikati, na Koko akahama kwenda kwa binti yake huko Rombo. Wanasema mbwa alikataa kumfuata. Alibaki pale mlangoni pa boma akingoja. Niliumia, na bado naumia. Ilituchukua miaka kuanza upya, na tulianza kwa ile njia ya salamu na chai niliyokuwa nikiicheka.

Sasa juzi nyinyi vijana mmeniletea fulana yenye sura yangu. Eti nikienda, mtaita jina langu mikutanoni ndio chama kikue. Ng'o! Mtaniacha nilale.

Nisikize. Chama hukua kwa mtu aliye hai. Nenda kwake, umsalimie, uulize ng'ombe wake ama kodi ya nyumba yake, unywe chai hata kama haina sukari, na usikize kabla hujafungua mdomo. Jifunze miiko ya kwake kabla hujamfundisha yako. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, lakini mkono wa marehemu hauchinji hata kuku.

Mungu akupe watu, mwanangu, wengi, wenye kuacha nyayo kwa vumbi. Na siku ukiwaita, waitike wao.