Siku Mjomba Prokopi Aliponasa

Kwa majira ya baridi thelathini na moja mjomba wangu Prokopi alikwamua malori ya watu kwenye barabara ya theluji inayokwenda kwetu, upande wa mto Indigirka, na hakuna aliyewahi kumkwamua yeye. Akifika kwenye lori lililonasa hakuwa na salamu. Alilizunguka mara moja, akapiga teke kila tairi, kisha akamwambia dereva, "Toa mguu kwenye mafuta." Madereva wageni hukanyaga mafuta wakiona hawaendi, na tairi likizunguka bure linaisugua theluji mpaka inakuwa kioo. Yeye alipunguza upepo kwenye matairi, akafukua theluji chini ya ekseli, akamwaga majivu ya jiko la nyumbani kwake, akatandika matawi, na lori likatoka polepole kama ng'ombe anayeamka.

Wengine aliwafundisha kwa kuwatukana. Tusi lake kubwa lilikuwa kwa mtu anayesimama kwenye mwinuko. Matairi yaliyotembea kutwa yana joto. Ukisimama muda wa kunywa kikombe cha chai, yanayeyusha theluji chini yake, kisha baridi inayakamata yale maji na magurudumu yanashikwa kama yametiwa saruji. "Ukitaka kusimama, simama tambarare," alikuwa akisema. "Na huko nako ulisogeze mbele na nyuma mpaka matairi yapoe. Kwenye mwinuko hata mkojo unaubana."

Bibi yangu Matryona, mama yake, alifariki hospitalini mjini mwezi wa Januari. Mimi nilikuwa nasoma chuo hukohuko, kwa hiyo ni mimi niliyekaa naye. Mjomba alikuja kutuchukua na lori lake la magurudumu sita. Alikuwa pia amebeba mabomba ya nyumba ya boila inayopasha joto nyumba za kijiji, maana yaliyokuwapo yalikuwa yamepasuka na nusu ya kijiji ilikuwa ikilala shuleni. Jeneza tulilifunga katikati ya mabomba, juu ya nyasi kavu.

Kijijini walikuwa wamekwisha kuanza kuchoma kaburi. Ardhi yetu haichimbiki bila moto: unawasha kuni, unachota udongo uliolainika, unawasha tena, siku mbili usiku na mchana. Na kaburi likishachimbwa halilali tupu. Wazee wetu wanasema likilala tupu litamwita mwingine, na litaanza na aliyechelewa. Tulipaswa kufika siku ya tatu kabla jua halijazama. Mwezi huo jua huzama saa tisa na nusu.

Siku hiyo ya tatu, saa nne hivi, tulifika kwenye mwinuko wa mwisho. Katikati yake, penye kona, uko mti mmoja mnene wa lachi uliofungwa singa za farasi na vitambaa. Kila apitaye humwachia mwenye njia, roho alindaye barabara, chapati au sigara. Mjomba mwenyewe alizoea kutupa chapati dirishani bila kusimama, na kila mara Bibi alimgombeza: "Unamrushia mwenye njia kama mbwa?"

Siku hiyo alisimama.

Nilimtazama. Nilijua, na yeye alijua kuliko mimi.

"Mama anaaga," alisema, akashuka.

Alifunga singa kwenye tawi, akaweka chapati tatu, akavua kofia. Baridi ilikuwa nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri. Alikaa pale muda mrefu kuliko kikombe cha chai. Aliporudi, kope zake zilikuwa zimegandana na ilibidi azishike kwa vidole ili zifunguke.

Alitia gia ya kwanza. Lori likatetemeka, likakataa. Akajaribu kurudi nyuma kidogo ili aling'oe, likang'oka ghafla, likaserereka kiupandeupande mpaka magurudumu ya nyuma ya kulia yakazama kwenye theluji laini ya ukingoni. Mjomba alitoa mguu kwenye mafuta. Hakuzima injini: kwa baridi ile lori likizimwa haliwaki tena mpaka majira ya joto.

Tulifukua kwa mabeleshi. Tulimwaga majivu, tukavisha minyororo. Lori lilipanda hatua moja, likarudi moja na nusu. Nilikuwa nahesabu saa kimoyomoyo.

Saa sita tulisikia gari likishuka kutoka upande wa kijiji. Alikuwa Yegor, dereva wa kigari cha posta, mnene, mcheshi, ambaye Mjomba alimkwamua mara sita katika majira ya baridi yaliyopita tu. Alisimama tambarare, juu kabisa, akasogeza kigari mbele na nyuma kama alivyofundishwa, kisha akateremka kwa miguu akicheka.

"Prokopi! Umepumzika au umenasa?"

"Nimesimama."

"Kusimama gani huko? Umelala ubavu kama jike la nguruwe. Ngoja niwapigie redio watu, hii habari siwezi kukaa nayo peke yangu. Nani alikuambia usimame kwenye mwinuko? Si ulisema hata mkojo tuubane?"

"Yegor," nilisema, "Bibi yumo nyuma."

Alitazama kule nyuma, akaona nyasi na ubao. Akavua kofia, akaivaa tena kwa sababu ya baridi, akachukua beleshi langu bila kuniomba.

Kigari chake kisingeweza kulivuta lori, kilikuwa chepesi mno. Lakini lori lilikuwa na winchi ya kujivutia kwa waya. Yegor akanyoosha kidole kwenye mti. "Funga waya pale, mzee. Dakika kumi tumemaliza."

"Pale hapafungwi."

"Mwenye njia ataelewa. Ni mama yako."

"Ndiyo maana hapafungwi."

Walichimba shimo kwenye theluji mbele ya lori, wakazika gurudumu la akiba lililofungwa waya, wakashindilia. Mjomba akawasha winchi. Waya ulikaza, ukalia, gurudumu likaanza kuibuka. Wakalizika tena, chini zaidi. Mara ya pili ukakatika waya wenyewe. Chuma kwenye baridi ile huvunjika kama biskuti. Ilikuwa saa saba na nusu.

Mjomba aliuokota ule mkia wa waya, akaukunja vizuri, akauweka mahali pake. Kisha akasema, bila kututazama, "Yegor, mpeleke."

"Twende wote. Lori tuliache."

"Nikiliacha litazimika. Lizibe njia mpaka lini? Na mabomba je? Watoto wamelala shuleni."

"Basi mimi nibaki nalo."

"Wewe?" Mjomba alisema. "Utaenda kulimalizia bondeni."

Tulishusha magunia ya posta na kumpandisha Bibi hadi juu, mmoja mbele, mmoja nyuma, mimi nikishika ubavuni. Kigari kilikuwa kifupi. Milango ya nyuma haikufunga, tukaifunga kamba. Mjomba aliweka kiganja kwenye ubao, bila glavu, nikaogopa ngozi itagandia. Akakiondoa. "Nendeni," alisema. "Msisimame."

Tulifika jua likiwa limebaki upande mmoja tu wa mlima. Walimzika upesi, kwa maneno mafupi. Watu waliuliza, "Prokopi yuko wapi?" na nilipowajibu kwamba amenasa, walidhani sikusikia swali.

Aliingia kesho yake adhuhuri. Alikuwa amevaa gunia la posta juu ya sweta. Koti lake la manyoya lilikuwa kwenye chumba cha dereva, vipande vipande. Alikuwa amelitandika chini ya tairi. Alishusha mabomba kwanza. Baadaye akaketi mezani kwetu, nikampa supu, hakuigusa.

"Mlimlaza kichwa upande gani?"

"Magharibi."

"Kamba ya kichwani alishika nani?"

Nilitamani kumdanganya, maana kamba hiyo hushikwa na mtoto wa marehemu. "Yegor."

Alitikisa kichwa polepole, muda mrefu.

"Alimteremsha sawasawa?"

"Sawasawa, Mjomba."

"Hakumgonga?"

"Hakumgonga."

Basi akanywa supu, ilikuwa imepoa. Kisha akaenda nje kuliangalia lori, ambalo bado lilikuwa linaunguruma.