Upande Unaogonga

Kwetu Savo, huku kwenye maziwa ya mashariki mwa Ufini, mtu akikujibu moja kwa moja unamtazama usoni uone kama ana homa. Ukimuuliza mwenye duka kama mkate ni wa leo, atakwambia kwamba wa juzi huwa mgumu zaidi, na kuelewa ni kazi yako wewe uliyeuliza. Lakini hata kwetu sisi, Kauko Rissanen alikuwa amepita kiasi. Tangu azaliwe mpaka nywele zikamwisha kichwani, hakuna aliyewahi kumsikia akisema ndiyo, wala hapana. Jeshini daktari alimuuliza ni mguu upi unaouma. Kauko akajibu kwamba ule wa kulia amewahi kuuona ukiwa na hali mbaya kuliko leo. Wakamfunga plasta mguu wa kulia, akarudi kambini akichechemea kwa yote miwili.

Tabia hiyo ilimtia hasara kubwa kuliko plasta. Ujanani, kwenye dansi ya kiangazi, binti wa mwenye kinu aitwaye Elvi alimuuliza kama angependa wafuatane kwenda Uswidi, wakatafute kazi na maisha. Kauko alitaka kuliko kitu chochote duniani. Akasema, "Watu huwa wanaenda." Elvi akaenda kweli, na dereva wa basi. Kauko akabaki kuwa fundi wa matrekta na mitambo ya kukatia magogo, kazi iliyomfaa, maana trekta halimuulizi mtu swali. Hakuoa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Kauko aliuficha wake barabara.

Sasa alikuwa amestaafu, akiishi na sauna yake, kile kibanda cha kuogea mvuke, na birika lake la kahawa. Furaha yake kubwa duniani ilikuwa Taimi Huuskonen, ingawa hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote, na Taimi mwenyewe ndiye wa mwisho ambaye angemwambia.

Taimi alikuwa mjane wa ng'ambo ya ghuba ya ziwa, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali na gari dogo la manjano ambalo marehemu mumewe alilinunua enzi lilipokuwa gari la kujivunia. Kwa gari hilo alifika dukani, kanisani, kwenye kwaya, na kila Jumamosi kwa Kauko. Alioga sauna yeye kwanza, Kauko akafuata, kisha Kauko akamuuliza, kila Jumamosi, kama anakunywa kahawa, wakanywa na kulaumu hali ya hewa. Basi la abiria lilikwisha kuacha kupita huko. Na Jouni, mwana wa Taimi, aliyekuwa akikaa mjini Espoo, mbali kusini, kwenye jengo lenye lifti, alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno, maana mji ulikwisha kumharibu: "Mama, hilo gari likikataliwa kwenye ukaguzi wa magari, basi. Nyumba tunauza, unakuja kukaa kwetu. Chumba kipo."

Majira ya kuchipua, barafu ilipoyeyuka na barabara ya changarawe ikajaa mashimo, gari lile lilianza kugonga. Ko. Ko-ko. Kauko alilisikia likiwa bado kwenye kona ya kanisa, akasimama barazani mpaka kahawa ikapoa. Taimi alipoegesha, Kauko alizunguka gari kama mtu anayetafuta kofia yake. Alikandamiza pembe ya mbele kwa uzito wake wote, ikashuka, ikapanda, ikatulia: shokapu bado nzima. Akapitisha kiganja kwenye tairi la kushoto, akakuta upande wa ndani umelika ukawa laini wakati wa nje bado una meno. Akalitikisa gurudumu, likamjibu. Palepale akajua kwamba boljointi ya kushoto imekwisha, yaani lile tufe la chuma lililo chini ya gurudumu, ambalo kazi yake ni kuhakikisha gari na gurudumu vinaelekea njia moja.

"Ni upande upi unaogonga?" Taimi akauliza.

"Wa kulia sijausikia ukilalamika sana," akasema Kauko.

Mgeni angeelewa kwamba wa kulia ni mzima. Lakini Taimi alikuwa Msavo kama yeye, na kwetu mtu ambaye halalamiki sana ni yule aliyekwisha kuitiwa kasisi. Akatikisa kichwa kwa huzuni na kulitazama gurudumu la kulia kama mtu anayeaga.

"Na wewe unaonaje, Kauko? Linafaa kutengenezwa, au niliache lijifie tu?"

Aliuliza wakiwa wamekwisha kukaa barazani na kahawa, akiangalia kikombe, si gari. Kauko naye akakitazama. Alijua vizuri kwamba swali halikuwa la gari. Alifungua mdomo, na mdomo ukafanya ulivyozoea.

"Wapo wanaotengeneza," akasema.

Taimi akamaliza kahawa yake, akaondoka. Akalipeleka gari gereji ya kijijini, akaagiza wabadilishe boljointi ya kulia, wakabadilisha, maana mwenye gari ndiye mwenye kusema. Gari likaendelea kugonga. Taimi akajipa moyo kwamba kifaa kipya hakijazoea. Mkaguzi wa serikali hakujipa moyo hata kidogo: alilikataa, akampa mwezi mmoja alirudishe likiwa limetengenezwa.

Jumamosi ile Taimi hakwenda sauna. Alishuka garini akampata Kauko kwenye rundo la kuni.

"Ni kushoto!"

"Nami nilikwambia," akasema Kauko.

"Ulinambia nini? Ulinambia wa kulia haulalamiki!"

"Sasa, umelalamika?"

"Kauko Rissanen! Tangu lini kwetu hapa 'haulalamiki' ikawa na maana kwamba haulalamiki?"

Kauko akapanga upya kuni zilizokuwa zimepangwa vizuri. Mwanamke alikuwa na haki. Maisha yake yote Kauko alisema mambo kwa kuzunguka, na siku moja aliyosema sawasawa, nani angeamini?

"Jouni anasema likikataliwa tena anakuja na lori kuhamisha vyombo," Taimi akaendelea, na sauti ikapungua makali. "Anasema chumba changu kina dirisha linalotazama maegesho ya magari."

Kauko alitaka kusema kwamba dirisha la namna hiyo ni la kufungia wafungwa. Akasema, "Maegesho yana manufaa yake." Kauko aliona aibu mpaka masikio yakawaka, akaokota gogo, akaliweka chini tena.

"Banda langu lina nafasi," akasema.

Siku iliyofuata gari lilikuwa bandani, pua juu, limekalia vigoda vya chuma, maana Kauko hakuwahi kuiamini jeki peke yake. Taimi alishika tochi mkono mmoja, spana mkono wa pili. Kauko akapenyeza mtaimbo chini ya gurudumu la kushoto na kuliinua kidogo. Tufe likacheza kwenye kikombe chake kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Hebu niambie," akasema Taimi. "Linacheza au halichezi?"

"Mtu akiangalia anaweza—"

"Kauko. Nina spana mkononi."

"Huenda linacheza," akasema Kauko, na jasho likamtoka.

Nati ilikuwa imeshikwa na kutu. Waliimwagia mafuta, wakaenda kunywa kahawa, wakarudi, ikakataa. Wakamwaga tena, wakanywa tena, mpaka Taimi akasema sasa yeye ndiye atakayelegea kabla ya nati. Hatimaye ikazunguka kwa kilio. Lakini tufe lenyewe lilikuwa limeng'ang'ania mkono wa chuma unaoliunga gurudumu na gari. Dawa yake ni kuupiga ule mkono kwa nyundo, pale kwenye tundu lake, mpaka ushtuke na kuachia. Kauko, akiwa amelala chini ya gari, alipiga mpaka pumzi zikamwisha.

"Lete hapa," akasema Taimi. Akatema mate viganjani. "Hii ya Espoo!" Ko! "Hii ya lifti!" Ko! "Na hii ya dirisha lao!"

Tufe likachomoka na kumwangukia Kauko kifuani. Alibaki amelala pale chini, akimtazama yule mwanamke mwenye nyundo, uso mzima grisi, na akahisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu dansi ya kiangazi. Alimpenda. Jambo lilikuwa wazi kuliko boljointi, na kama kawaida yake akaliacha hapohapo lilipo.

Wakafunga mpya. Bushi za mkono ule, mito yake ya kupunguza mtikisiko, nazo zilikuwa na raba iliyopasuka kama kisigino cha mtembea peku, Kauko akabadilisha. Bolti zake hakuzikaza mpaka gari liliposhushwa chini likasimama kwa uzito wake, kwa sababu raba ikikazwa gari likiwa hewani hujipinda na kuchanika kabla ya Krismasi. Taimi akaliendesha hadi kona ya kanisa na kurudi kwenye mashimo yote. Gari halikusema kitu.

Siku ya ukaguzi Kauko alivaa shati la mazishi akaenda naye. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu kutoka Pohjanmaa, kule magharibi ambako mashamba yamenyooka na maneno pia. Aliinua gari, akatikisa, akachungulia.

"Nani amebadilisha hii?"

"Kuna mtu alikuwepo," akasema Kauko.

"Mtu gani?"

"Mtu wa hapahapa tu."

"Mzee, ni wewe?"

"Sikuwa mbali sana."

Mkaguzi akazima tochi yake. "Sikiliza, babu. Pini inayozuia nati isilegee naiona. Bolti za bushi ulizikaza gari likiwa chini, au likiwa juu? Hilo macho hayanionyeshi, na raba zikichanika huyu mama ataishia mtaroni. Nijibu kama mtu, au nalirudisha nyumbani."

Taimi alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Kauko akamwona, akaliona akilini lori la Jouni, akaona Jumamosi zote zijazo na kikombe kimoja mezani. Neno likamtoka likiwa na kutu nyingi kuliko ile nati.

"Chini," akasema. "Nilizikaza mimi. Gari likiwa chini. Ndiyo."

Mkaguzi, ambaye hakujua ameshuhudia nini, akasema vizuri, limepita, akaita gari lingine. Taimi ilibidi ashike ukuta.

Nje, upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha vumbi la changarawe. Taimi aliingiza ufunguo, Kauko akiwa amekaa kando yake, lakini hakuliwasha gari.

"Basi," akasema. "Jouni hana la kusema tena. Sasa nina gari la kubakia." Akafuta usukani kwa kitambaa, ingawa ulikuwa safi. "Ila gari peke yake si sababu ya mtu kubaki mahali. Kule nina wajukuu. Huku sijui nina nini."

Kauko alijua kwamba jibu lake lilikuwa tayari mdomoni. Watu huwa wanabaki. Wapo wanaobaki. Alilisikia kabisa likija, akaung'ata ulimi mpaka machozi yakamlenga.

"Baki," akasema.

"Umesema nini?"

"Nimesema baki. Nataka ubaki. Na usije Jumamosi tu." Akageukia dirishani, masikio mekundu. "Sirudii tena, nitakufa."

Taimi alitazama mbele kama mtu anayeendesha. Kisha akawasha gari, akalitoa taratibu getini, na walipofika kwenye mashimo ya kwanza wote wawili wakatega sikio kwa mazoea.

"Huenda nimesikia," akasema Taimi.

Kauko alikuwa Msavo wa kuzaliwa, hakuhitaji kutafsiriwa. Walipofika kwake alishuka kwanza, akakimbia ndani kwa miguu yake yote miwili mizima, akatoa kabatini vikombe viwili, na mara hii hakumuuliza Taimi kama anakunywa.